Beloti ya Kusimama

Ta Thadei ni mtu wa Edmonton, hapa London, ingawa ukimwuliza atakuambia ni mtu wa Kagera aliyechelewa kurudi nyumbani. Anaishi katika zile nyumba za mstari zilizoegemeana kuta, yeye na mkewe Ma Generosa, ambaye kazi yake ni kutunza wazee, na baadhi ya hao wazee ni wadogo kwake. Ta Thadei mwenyewe aliendesha foklifti katika ghala la vigae vya bafuni mpaka akastaafu. Ukimwona barabarani na mfuko wake wa vitunguu huwezi kumtofautisha na mzee mwingine yeyote wa huku kwetu. Mimi nimezunguka sana mjini humu tangu nilipopewa ile kadi ya wazee ya kupanda basi bure, nimekaa na watu wa kila namna, na bado sijaona mtu anayecheza karata kama yeye. Sisemi kwa ustadi. Kwa ustadi ni wa kawaida tu, na Haika, mwenza wangu mezani, atakuambia hata huko kwenye kawaida hajafika. Nasema kwa kusimama.

Mchezo wenyewe unaitwa beloti. Ni wa Wafaransa, au ndivyo tulivyojua. Wanacheza watu wanne, wawili wawili, na mwenzako anakaa mbele yako, si pembeni. Karata ndogo mnazitoa, mnabaki na saba kwenda juu. Aina moja inachaguliwa kuwa turufu, tuseme kopa, na hapo dunia inapinduka: katika turufu mfalme si kitu. Mkubwa wa wote ni ghulamu, yule kijana wa kumtumikia mfalme, na anayemfuata ni tisa. Lakini ukiwa na mfalme na bibi wa turufu mkononi una zawadi yako. Ukimtupa mmoja unasema, "Beloti!" Ukija kumtupa wa pili unasema, "Rebeloti!" Unaongezewa pointi, mchezo unaendelea.

Hiyo ndiyo sheria ya watu wengine. Sisi pale Edmonton, kwenye ukumbi wa parokia kila Alhamisi mchana, tulikuwa na zaidi. Mtu akisema "Beloti", wote wanne tulisimama wima, mikono ubavuni, hakuna kusema. Tulibaki hivyo mpaka huyo aliyesema atupe ya pili na kutamka "Rebeloti". Ndipo tulipokaa. Na kama ya pili aliikalia mpaka mwisho wa mchezo, basi tulicheza tumesimama, tukiinama kutupa karata na kuinuka tena, kama watu wanaopanda maharage.

Ta Thadei alifundishwa hivyo ujanani, kwenye misheni ya Rwabigaga, alikokuwa akimpigia pasi Padri Anselmi nguo za ibada. Padri alikuwa Mfaransa mwenye ndevu na upweke. Alihitaji watu wanne mezani, akawafundisha katekista, fundi mwashi, na huyo mpiga pasi wake. Beloti, unasimama. Rebeloti, unakaa. Ta Thadei hakuuliza sababu, sababu aliitafuta mwenyewe baadaye, na akaipata nzuri: mfalme ameshatoka nje na bibi yake yuko njiani anakuja, sasa ni mtu gani anakaa kitako wakati bibi harusi yuko njiani? Na jina lenyewe, alisema, kwa Kifaransa cha zamani maana yake ni "inukeni".

"Wewe Kifaransa cha zamani umekijulia wapi?" Haika alimwuliza siku moja. Haika ni nesi mstaafu, Mchaga wa Machame, ulimi wake haujastaafu.

"Nimekijulia kwa Padri."

"Na hicho kipya?"

"Hicho sikukihitaji."

Na huo mchezo aliubeba kila alikokwenda. Kule ghalani alikuwa amewafundisha wenzake wa saa ya chai, Mpolandi mmoja na Waghana wawili. Siku ya kwanza Mpolandi aliposema "Beloti" wakasimama wote kwa pamoja na kunyamaza, na msimamizi aliyekuwa akipita na kikombe chake akajua ni mgomo. Alikwenda kumwita meneja. Meneja alikuja akawakuta bado wamesimama, kwa kuwa Mpolandi alikuwa hajamtupa bibi, akawaahidi hita mpya kabla hawajasema neno. Ile hita ipo mpaka leo.

Sasa nije kwa Fanuel, maana bila Fanuel hakuna habari. Fanuel ni Mkenya, Mtaita, alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini mpaka magoti yakamgomea. Alikuwa mwenza wa Ta Thadei mezani tangu bintiye Lorraine akiwa wa kubebwa, na sasa huyo Lorraine ana nyumba yake Harrow na baba yake anaishi kwake. Kila Alhamisi Fanuel alitoka Harrow mpaka Edmonton, treni na treni na basi, kuja kukaa mbele ya Ta Thadei. Alikuwa mtu pekee duniani aliyeweza kusoma nyusi zake. Na Alhamisi ndiyo siku pekee ambayo Ta Thadei huvaa tai.

Siku ya ugomvi, Haika ndiye aliyekuwa na mfalme na bibi. Akamtupa mfalme mapema. "Beloti!" Tukasimama. Kisha bibi akamficha. Haika hufanya hivyo makusudi, anasema ni mbinu. Tukacheza, tukacheza, na Fanuel ameshika ukingo wa meza, jasho linamtoka kama anasukuma kitanda kupanda mlima. Halafu nikamwona anashuka taratibu mpaka akakaa.

"Fanuel," alisema Ta Thadei, "tumesimama."

"Nimeona. Mmependeza. Endeleeni."

"Mfalme yuko nje."

"Huyo ni mfalme wa karatasi, bwana. Mimi magoti yangu ni ya mifupa."

"Bibi yuko njiani!"

"Basi akifika mniambie, nitampisha kiti."

Haika alicheka. Ta Thadei hakucheka. Aliziweka karata zake mezani, zikiwa zimefunikwa, akasema maneno ambayo nadhani aliyajutia yakiwa bado mdomoni: "Beloti ya kukaa si beloti. Hiyo ni kukaa tu."

Fanuel akavaa kofia yake. "Sikiza, Thadei. Nitafutie mahali mchezo huu ulipoanzia. Kama hao walioanzisha walisimama, haki ya nani nitasimama, hata haya magoti yaanguke hapa sakafuni tuyaokote. Lakini kama walikaa, utakuja kuniomba radhi, na mimi nikiwa nimekaa. Mpaka hapo, mimi niko kwangu Harrow."

Akaenda. Ukumbi ulikuwa na joto lakini tuliisikia baridi.

Beloti haichezwi na watu watatu. Tulijaribu. Tulialika watu wa parokia, wakaja, wakasimama mara moja, wakakumbuka wana mambo nyumbani. Mwishowe tukaamua kucheza na kiti kitupu. Tulikigawia karata kama mtu, na Ta Thadei, kwa kuwa ndiye mwenza wake, alizunguka meza kukichezea bila kuangalia, anachomoa tu. Kiti kilicheza vizuri. Haika alisema kinacheza vizuri kuliko Fanuel, na hakipigi chafya. Tatizo lilikuja niliposema "Beloti". Tukasimama sote watatu, na kiti kimekaa.

"Kisimamishe," aliniambia Ta Thadei.

"Kiti?"

"Wewe ndiye uliyesema beloti."

Nikakiinua kiti juu kwa mkono mmoja, na karata zangu nikazishika kwa mkono mwingine, mpaka nikamtupa bibi haraka kuliko nilivyotaka, tukashindwa. Mama anayesafisha ukumbi alitukuta hivyo. Alizima mashine yake, akatutazama, akaiwasha tena.

Halafu Haika akaleta habari nyingine, kaisikia kwa Wakenya wa kanisani. "Fanuel anacheza karata huko Harrow," alisema. "Na jirani yake, Mhindi wa Kisumu, anaitwa Ramesh. Wanacheza mchezo wa kwao unaitwa ishirini na tisa. Na huko pia ghulamu ndiye mkubwa, na tisa anamfuata."

"Ghulamu?" alisema Ta Thadei. "Na tisa?"

"Na tisa. Tena wanacheza wamekaa kwenye sofa."

Ta Thadei alilegeza tai yake. "Kwenye sofa," alisema. "Afadhali ungeniambia amehamia Australia."

Siku ile ndipo nilipomwambia nilichokuwa nakijua. Katika kuzunguka kwangu nimewahi kupita mikahawa ya Edgware Road, ile ya Waarabu, nikasikia watu wa Ghuba wakitupa karata na kupiga kelele "Baluti!" Sikuwahi kutilia maanani. Ta Thadei alinishika mkono kama mtu aliyeambiwa mtoto wake kaonekana.

Tulikwenda siku iliyofuata, basi baada ya basi, yeye na tai yake ingawa haikuwa Alhamisi. Tukaingia mkahawa mmoja wenye moshi wa shisha wa matufaha, tukaagiza chai, ikaletwa kwenye vile vigilasi vidogo vinavyokuunguza vidole. Meza ya jirani walikuwa wanaume wanne waliovaa kanzu, wanacheza kwa vishindo. Hata mimi nisiyejua Kiarabu niliona: ghulamu anakula mfalme. Tisa anakula ree. Ulikuwa mchezo wetu.

Mmoja wao akapiga karata mezani, mfalme wa shupaza. "Baluuut!"

Ta Thadei akasimama.

Alisimama kama alivyozoea, wima, mikono ubavuni, kidevu juu. Wale wanne wakageuka. Wakamwona mzee mwenye mvi na tai, amesimama kimya, anawatazama kwa heshima kubwa. Yule wa karibu akasimama. Wa pili akasimama. Wakasimama wanne. Meza ya nyuma yao ikaona wenzao wamesimama, nayo ikainuka. Mhudumu akasimama na sinia lake katikati ya njia. Mtu aliyekuwa akizungumza kwenye simu alisimama na kuiweka simu kifuani. Mkahawa mzima ulikuwa umesimama, husikii ila maji ya shisha yanavyotulia. Nje dirishani Mwingereza mmoja alipita, akatazama ndani, akavua kofia.

Mimi nilikuwa nimesimama pia. Ungefanyaje?

Yule mwenye karata akafanya kitu pekee alichoweza kufanya, akamtupa bibi. Ta Thadei akakaa. Wakakaa wote.

"Umeona?" aliniambia. Macho yake yalikuwa na maji. "Umeona?"

Mmoja wao akaja mezani kwetu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri. Alikuwa Mwomani aliyezaliwa Unguja, jina lake Khalfan, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kusikiliza ukafumba macho.

"Shikamoo, mzee wangu. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Mnacheza vizuri mno."

"Sasa mbona ulisimama?"

"Kama mlivyosimama nyinyi."

"Yakhe, sisi tumesimama kwa sababu yako! Mzee mzima na tai yake yupo wima, sisi tukae kitako? Tutakuwa watu gani?"

Ta Thadei alikuwa akikoroga sukari, na alisikia kile alichokuja kukisikia. "Na mchezo huu asili yake ni wapi?" akauliza.

"Wetu," alisema Khalfan. Wenzake wakasema kitu kwa Kiarabu, akawajibu, wakamjibu, mmoja akapiga meza. "Haya, wanabishana. Huyu anasema uliletwa kutoka India. Yule anasema ni wa Wafaransa, na jina lenyewe linamshitaki. Mimi nasema kitu ukikicheza mpaka ukagombana na ndugu yako, ni chako."

Njiani kurudi Ta Thadei alikuwa na furaha kama mtu anayetoka kuposa. "Fanuel atasimama," alisema. "Atasimama tu."

"Ta Thadei," nikamwambia, "yule bwana alisema wao wamesimama kwa sababu..."

"Alisema wamesimama."

"Alisema kwa sababu wewe..."

"Sababu ni za kila mtu na nyumbani kwake. Kusimama ni kusimama."

Lakini Haika alipoisikia habari hiyo aliweka kikombe chini. "Umekwenda kwa Waarabu kuuliza mambo ya Wafaransa? Fanuel atakucheka mpaka magoti yake yapone. Muulize Mfaransa!"

Ma Generosa ndiye aliyekuwa na Mfaransa. Kwenye ile nyumba ya wazee anayofanyia kazi kuna bibi mmoja, Madamu Odile, mwembamba kama sindano, ambaye baba yake alikuwa na mkahawa huko kwao Ufaransa. Ma Generosa aliomba ruhusa, tukaenda mchana, tukamkuta kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha, amelala au anajifanya. Ta Thadei akazitoa karata mfukoni. Kwa ile sauti ya kuchanganywa tu, yule bibi akafumbua macho.

"Beloti!" alisema. "Wa nne yuko wapi?"

Hilo swali lilimchoma Ta Thadei, niliona. Akamweleza kwa Kiingereza kwamba wa nne ndiye anayetafutwa, na kwamba yeye amekuja kuuliza jina. Je, si kweli kwamba kwa Kifaransa cha zamani maana yake ni "inukeni"?

Madamu Odile alicheka mpaka Ma Generosa akaja kumshika mgongo. Alipopata pumzi akatueleza taratibu. Hapana, hakuna maana hiyo. Watu husema ni jina la bwana mmoja tu, Belot, aliyezipanga sheria za mchezo. Lakini watu husema mengi, na huyo bwana hakuna anayemjua vizuri. Hata mchezo wenyewe, alisema, kwa asili si wao. Kuna wanaosema ulitoka kwa Waholanzi, kuna wanaosema Hungaria, ulifika Ufaransa karibu na miaka ya ile vita ya kwanza, ukapendwa kila mahali, na baba yake akautumia kuuzia mvinyo.

"Bwana wa kawaida tu?" aliuliza Ta Thadei. "Huyo Belot?"

"Wa kawaida tu."

"Hakuwa mfalme?"

"Kama angekuwa mfalme angewaacha ghulamu wamshinde?"

Ta Thadei akazirudisha karata mfukoni. Swali lenyewe alikuwa hajaliuliza bado. Alilizunguka kidogo, akarekebisha tai, akauliza. Mtu akisema beloti, huko kwa baba yake, wachezaji walisimama?

"Bwana," alisema Madamu Odile, "wanaume wa kijiji chetu waliingia kwa baba yangu asubuhi wakakaa. Kama wangesimama, wangeenda nyumbani."

Tukamrudisha Ta Thadei nyumbani kwake. Alikaa jikoni, akaivua ile tai na kuiweka juu ya meza, ikalala pale kama nyoka aliyechoka. "Basi Padri alinidanganya," alisema. "Nimewasimamisha watu maisha yangu yote. Nimemsimamisha Fanuel na magoti yake. Kwa uongo wa padri."

"Padri gani atakudanganya kwenye karata," alisema Ma Generosa. "Mpigie Eufrasia."

Eufrasia ni dada yake mkubwa, yuko Kagera, na enzi hizo alikuwa mpishi pale misheni. Ta Thadei akampigia kwa video. Ikaonekana paji la uso na nusu ya jicho, na ikabaki hivyo mpaka mwisho. Wakasalimiana kwa Kihaya salamu zote, za watu, za migomba, za ng'ombe mmoja aliyekuwa anaumwa. Ndipo akauliza.

Lile paji la uso likaanza kutikisika.

"Thadei! Padri alikuwa anachungulia dirishani!"

"Anachungulia nini?"

"Askofu! Askofu alikuwa amekataza karata misheni, na alikuwa na tabia ya kuja na pikipiki bila taarifa. Sasa Padri akipata mfalme na bibi, furaha inamzidi, anapiga kelele 'Beloti!' mpaka mimi jikoni nadondosha mwiko. Halafu anakumbuka. Anaruka juu kutazama barabara. Akiona hakuna vumbi, anakaa, anamtupa bibi."

"Na sisi?"

"Nyinyi mlisimama."

"Kwa nini tulisimama?"

"Thadei mdogo wangu, Padri amesimama, nyinyi mkae? Mlikuwa vijana wenye adabu. Yeye anadhani na nyinyi mnamwogopa askofu, nyinyi mnadhani ni mchezo. Mimi jikoni nacheka."

"Miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulisema mnasimama mpaka London. Nilijua na huko mna askofu."

Ta Thadei akaiweka simu chini. Ma Generosa alikuwa amegeukia sinki, mabega yanamchezacheza. Nilidhani mzee atalia. Badala yake aliichukua ile tai akaanza kuifunga upya, polepole, fundo kubwa.

"Twende Harrow," aliniambia.

Tukapanda ile treni ya Metropolitan, tukashuka, tukatembea katikati ya nyumba pacha zenye bustani ndogo mbele. Lorraine akafungua mlango. "Uncle Thadei! Dad's doing his exercises," alisema, yaani baba yake yumo mazoezini, na nikamwona Ta Thadei anasita, lakini akaingia.

Sebuleni tulimkuta Fanuel katikati ya zulia, mbele ya kiti cha mbao. Anainuka. Anakaa. Anainuka. Kwenye sofa amekaa bwana mnene mwenye miwani, anahesabu kwa Kigujarati. Huyo ndiye Ramesh.

Fanuel alimwona Ta Thadei akiwa ameinuka, akabaki pale pale juu.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja. Kaa, nikuombe radhi."

"Siwezi kukaa sasa hivi."

"Mbona?"

"Nimepasuliwa goti moja, bwana. Nina goti la chuma. Mtu wa mazoezi wa hospitali kaniambia niinuke na kukaa kutwa nzima, na nikiinuka nisikae mpaka Ramesh afike mwisho wa kuhesabu."

"Na sasa nimesahau nilipofika," alisema Ramesh, kwa Kiswahili safi cha Kisumu. "Ninyi mmeingia mkanivuruga. Naanza mwanzo."

Basi tukangoja. Fanuel amesimama, Ta Thadei amesimama mbele yake, wanatazamana kama zamani mezani, na Ramesh anahesabu. Alipofika mwisho, Fanuel akakaa. Ta Thadei akavua kofia.

"Fanuel, naomba radhi. Hakuna aliyesimama. Wafaransa walikaa. Waholanzi sijui, lakini nao nadhani walikaa. Jina ni la bwana fulani wa kawaida. Padri Anselmi alikuwa anamwangalia askofu."

"Ati askofu?"

Ta Thadei akamweleza yote, mpaka mwiko wa Eufrasia. Fanuel alisikiliza. Mdomo ulianza kumcheza, kisha tumbo, kisha akapiga lile goti jipya kwa kiganja na kuruka kwa maumivu, na Ramesh alikuwa ameshatoa miwani anafuta macho.

"Kwa hiyo miaka yote mimi nilikuwa namwogopa askofu wa Kagera," alisema Fanuel. "Mimi, Mwanglikana!"

"Umeshinda," alisema Ta Thadei. "Alhamisi njoo. Tutacheza tumekaa."

Fanuel akaacha kucheka. "Hapana. Nyinyi mtakaa. Mimi nimeambiwa nisimame."

"Fanuel, nimetoka kuomba radhi. Beloti inachezwa watu wamekaa."

"Wewe si ndiye uliyesema ya kukaa si beloti?"

"Nilikosea!"

"Mtu wa mazoezi hakukosea. Sasa unataka goti langu ligande?"

Wakabishana hivyo, huyu akitetea kukaa na huyu akitetea kusimama, mpaka Lorraine akaleta chai, na Ramesh akasema kwamba kwenye ishirini na tisa watu hawana matatizo haya. Wakamgeukia wote wawili kwa pamoja wakamwambia anyamaze. Hapo nikajua Alhamisi ipo.

Haika ndiye aliyeamua. Alisema kama chanzo cha kusimama ni dirisha, basi dirisha lirudishwe. Kiti cha Fanuel tukakihamishia upande wa dirisha la ukumbi. Sasa mtu akisema "Beloti", sisi watatu tunabaki tumekaa, na Ta Thadei anashika kiti chini kwa mikono miwili, kwa sababu miguu yake bado haijaisikia habari. Fanuel anainuka taratibu, anasogeza pazia, anatazama barabara.

"Je?" anauliza Ta Thadei.

"Basi limepita. Mtu na mbwa. Askofu hayupo."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama."

Ndipo bibi anatupwa. Wiki iliyopita Ta Thadei mwenyewe ndiye aliyekuwa nao, mfalme na bibi wa kopa. Akamtupa mfalme, akasema neno lake, akashika kiti chake. Fanuel akainuka, akasogeza pazia, akabandika pua kwenye kioo.

"Je?" aliuliza Ta Thadei.

"Thadei," alisema Fanuel polepole. "Kuna mtu anashuka kwenye teksi. Amevaa zambarau mpaka miguuni."

Sijui nani alianza. Ninachojua ni kwamba sote wanne tulikuwa wima, Haika keshafagia karata zote za mezani kwenye mkoba wake, na mimi nimeshika biblia ya ukumbi, juu chini. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama mmoja mwenye koti refu la zambarau, amekuja kuulizia darasa la Zumba.

Haika akamwelekeza chumba cha nyuma. Tukabaki tumesimama. Ta Thadei alikuwa wima kuliko sisi sote, mikono ubavuni, kidevu juu, karata moja tu imebaki mkononi mwake, na uso umemchangamka kama siku ile ya Edgware Road.

"Umeona?" alimwambia Fanuel.

"Kaa chini, Thadei," alisema Fanuel, bado mkono wake uko kwenye pazia. "Toa bibi wako."